Mkono Wako wa Kulia

Machimboni, 6 Februari

Mwanangu,

Hujambo mama. Mimi mzima. Kifua kinatema vumbi kama kawaida, mgongo nao upo.

Barua ya mkuu wa shule imefika. Nimeisoma mara mbili, ya tatu nikampa Breki anisomee, yule dereva wa lori la kokoto. Akasoma kwa sauti, kila mtu akasikia. Umempiga mwenzako kichwani na sinia la chuma, kashonwa nyuzi sita. Na ni mara ya tatu unapigana tangu uingie kidato cha tatu.

Kwa nini? Sema ukweli. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Juzi huku jiwe limemlalia mtu. Yule mrefu aliyekuwa anakubeba begani ukiwa mdogo. Mguu umekatwa chini ya goti. Alikuwa anauliza kiatu chake kiko wapi. Nakuambia ili ujue wanaofukuzwa shule wanakuja wapi. Wapo wasichana watano wa rika lako wanagonga kokoto hapa. Sitaki wa sita.

Mama yako kafia hapa. Mmoja anatosha.

Jibu mpe Breki. Anapita mbele ya shule yenu Alhamisi, kila baada ya wiki mbili. Msubiri getini, lile lori akilizima haliwaki.

Baba yako


Shuleni, 20 Februari

Shikamoo baba,

Natumaini kifua kimepoa. Mimi mzima, isipokuwa pua, nitakueleza.

Ukweli ni huu. Tulikuwa kwenye foleni ya chakula. Kuna msichana tunamwita Redio, kwa sababu hazimiki. Akawaambia wenzake mama yangu alizikwa bila kichwa. Akacheka. Baba, mimi siku ile nilikuwa hatua kumi kutoka kwa mama, unajua. Baruti ililipuka kabla ya filimbi, jiwe likaja, nikasikia mlio. Kichwa kilikuwepo. Nusu. Basi nikampiga Redio na sinia, maharage yakiwa bado yamo. Nilipiga mara mbili. Ya pili alikuwa ameshaanguka. Ya kwanza siijutii.

Mkuu wa shule aliniita. Hakunifokea. Akauliza klabu yangu ni ipi, kwa kuwa hapa kila mwanafunzi lazima awe na klabu. Nikasema kwaya. Akasema kwaya nafungua mdomo tu, ameniona. Akasema, "Wewe mikono inakuwasha, nenda ndondi. Ukiingia timu ya shule muhula huu, faili lako nalifunga. Usipoingia, unarudi kwa baba yako na godoro lako."

Kwa hiyo niko ndondi. Jumatano na Ijumaa, baada ya masomo. Ukumbi wetu ni stoo ya madawati mabovu. Kamba za ulingo zilikuwa za kisima. Glavu ni jozi mbili kwa watu kumi na nne, sponji imekwisha, ukipigwa unavihesabu vifundo vya mwenzako. Chumba cha pili ni kwaya. Wao wanaimba upendo, sisi tunatema damu kwenye ndoo. Mwalimu wetu ni wa hesabu, hajawahi kupigana na mtu, anasoma ngumi kwenye kitabu ndiyo anatuelekeza.

Anayetufundisha kweli ni nahodha wa wasichana, yuko kidato cha nne. Ana doa jeusi chini ya jicho la kushoto, tunamwita Kidoti. Siku ya kwanza alinivunja pua. Halafu akanishika kichwa, akainyoosha kwa vidole gumba, ikalia kama kijiti. Akasema, "Karibu klabu, dada."

Nampenda.

Binti yako


Machimboni, 6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Pua imepona? Ilikuwa ya mama yako hiyo, mimi nilikupa masikio tu.

Redio angekuwa huku ningemziba mimi. Lakini ya pili ulikosea. Mtu akishaanguka mwache.

Sasa ndondi. Sipendi. Lakini kati ya ndondi na mawe, pigana. Sina elimu ya kukusaidia hesabu wala jiografia. Kupiga najua. Miaka ishirini na mbili napiga jiwe kila siku, halijanishinda.

Sikiliza. Nguvu ya nyundo haitoki mkononi. Inatoka kisiginoni. Unakanyaga, kiuno kinageuka, bega linafuata, mkono unafika mwisho kabisa kama mtu aliyechelewa. Wageni huku wanapiga kwa mkono, saa nne wamechoka. Na usilipige jiwe usoni. Piga nyuma yake. Fikiria nyundo inatokea upande wa pili.

Fanya hivyo.

Mkono usiukaze mpaka unapofika.

Baba yako


Shuleni, 20 Machi

Shikamoo baba,

Natumaini hujambo na huyo wa mguu anaendelea. Mimi mzima.

Kisigino kimefanya kazi. Jumatano nilimpiga mvulana wa kidato cha nne, anayetuita sisi wapishi. Nilikanyaga, nikageuka, nikafikiria ngumi inatokea kisogoni. Akakaa chini, akatapika kwenye viatu vya mwalimu wa hesabu. Kwaya wakanyamaza kidogo. Kidoti akaniita pembeni akauliza hiyo ya kulia nimeitoa wapi. Nikamwambia kwa baba. Akasema baba yako mtu hatari, nisalimie. Basi anakusalimia.

Wananiita Nyundo sasa.

Lakini baba, mkono wa kulia unakufa. Kifundo cha katikati kimezama ndani, ukikunja ngumi hukioni. Nikipiga ngumi mbili nzuri, ya tatu siisikii. Asubuhi siwezi kushika kalamu, naandika kwa kushoto, hata hii barua nusu ni ya kushoto, utaona.

Na kuna hili. Timu inachukua mmoja kwa kila uzito. Mimi na Kidoti uzito wetu mmoja. Tutapigana Ijumaa tarehe 11 Aprili, raundi tatu, mbele ya shule nzima. Yeye akishindwa anabaki nahodha na anafanya mtihani wake wa mwisho. Mimi nikishindwa nabeba godoro.

Kidoti anajua. Amesema hatanionea huruma, ni dharau. Tunafanya mazoezi pamoja vilevile. Jana kaniletea maji ya chumvi niloweke mkono.

Nifanyeje mkono, baba?

Binti yako


Machimboni, 3 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Salamu za Kidoti zimefika, mrudishie. Mrefu kafa, mguu ulioza. Tumemzika Jumatatu.

Mkono. Hilo nalijua.

Huku nyundo ikiteleza vifundo vinapiga mwamba. Kila mtu mkono wake ungekuwa umekwisha. Kwa hiyo tunafunga. Breki atakupa mfuko. Ndani kuna vitambaa na saruji kidogo kwenye karatasi, nimeomba kwa wafyatua tofali. Fanya hivi.

Kitambaa kikavu kwanza, zungusha vifundo mara tatu, saruji isile ngozi. Halafu chukua ukanda mwembamba, loweka kwenye saruji na maji, iwe kama uji. Kamua. Weka juu ya vifundo tu, siyo kiganja, ngumi ikunjike. Kaa juani mpaka ukauke. Unakuwa kama gome. Halafu kitambaa kingine kisafi juu yake, kwa ajili ya unadhifu, walimu wasione uchafu.

Mkono hautavunjika. Mimi wangu haujavunjika miaka ishirini na mbili.

Vitambaa ni gauni la mama yako, lile la bluu. Nilikuwa nimelitunza. Lina kazi sasa.

Kanyaga kisigino.

Baba yako


Shuleni, 17 Aprili

Shikamoo baba,

Natumaini u mzima, na pole ya mrefu.

Nimeshinda. Mkuu amefunga faili, nimeliona kwa macho yangu akiliingiza kabatini.

Nilifunga kama ulivyosema, nyuma ya vyoo, jua la mchana. Mwalimu wa hesabu alitazama mikono yetu, akatia sahihi kwa kalamu nyekundu juu ya gauni la mama, tukavaa glavu. Shule nzima ilikuwepo, wengine juu ya madawati, wengine madirishani. Hata mpishi alikuja na mwiko.

Raundi ya kwanza Kidoti alinipiga sana. Mbavu, tumbo, mdomo ukapasuka. Nilimpata mara moja tu, ya kulia, begani. Mkono wake wa kushoto ukashuka, hakuweza kuuinua vizuri tena. Raundi ya pili nikampiga mbavu, nikasikia zinaingia ndani. Alinikumbatia ili apumue, damu yake ikanishukia shingoni, akaniambia sikioni, "Umekula nini leo, dada?" Raundi ya tatu nilimpiga chini ya jicho, pale penye doa. Mara tatu. Ya mwisho alikuwa ameshika kamba kwa mkono mmoja. Alianguka na kamba ikakatika. Miguu yake ilikuwa inapiga sakafu, kama ya kuku. Watu walikuwa wanashangilia bado. Halafu wa mbele wakaacha, halafu wa nyuma.

Walimbeba kwa ubao wa dawati mpaka hospitali.

Kwaya hawakuimba siku hiyo.

Hajaamka vizuri. Wanasema uvimbe ukipungua wataliona jicho.

Binti yako


Machimboni, 1 Mei

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima.

Nilipopata barua nilifurahi. Nisikudanganye. Nilimsomea kila mtu, tukanywa chai, nikasema binti yangu habebi godoro.

Kila mtu alicheka, isipokuwa Baruti, yule mlipuaji wetu. Unamjua, aliwahi kupigana mjini enzi zake, pua yake imelala upande. Akaniuliza, "Ulimfungisha saruji, kisha akavaa glavu?" Nikasema ndiyo. Akauliza glavu zina sponji. Nikasema imekwisha. Akaweka kikombe chini akaondoka. Nikamfuata. Akasema huko kwenye ndondi anayefanya hivyo anafungwa jela.

Mimi sikujua. Nilikuwa nalinda mkono wako. Sikuwaza upande wa pili kuna nini.

Lakini imeshakuwa. Choma vitambaa vyote. Choma na karatasi ya saruji. Barua yangu ile choma. Mtu akiuliza, una mkono mzito, basi. Ukisema unafukuzwa, na ukifukuzwa unajua unapokuja. Nyamaza.

Yule mtoto atapona. Watoto wanapona.

Choma.

Baba yako


Shuleni, 15 Mei

Shikamoo baba,

Natumaini u mzima. Barua nimechoma. Vitambaa sijachoma.

Nilikwenda navyo jikoni, moto ukiwepo. Nikakuta kwenye kimoja kuna kifungo cha gauni, ulikisahau. Kile mama alichokuwa anakishona kila wiki. Nikashindwa. Nimevifua. Damu imetoka. Saruji haitoki, ni ngumu, imebeba umbo la ngumi yangu. Viko chini ya godoro, navilalia.

Kidoti ameamka. Jicho la kushoto limekwisha baba, wamelitoa. Taya limefungwa waya, anaongea kwa meno. Mtihani hafanyi mwaka huu.

Nilikwenda kumwona Jumapili. Nilijua atanifukuza. Akanipigia godoro la kitanda nikae. Akasema, "Usilie, ulinipiga sawasawa, ningekuwa mimi ningekumaliza." Halafu akasema, "Nikipona, nifundishe hiyo ya kulia."

Nikasema nitamfundisha.

Siwezi kula. Watu wananipisha kwenye foleni, hata Redio. Wadogo wanataka kushika mkono wangu.

Baba, mimi nataka kusema.

Binti yako


Shuleni, 29 Mei

Shikamoo baba,

Breki amekuja mikono mitupu. Nikamuuliza, akasema, "Mzee hajaandika, usiniulize mengine." Akaangalia pembeni.

Umeumia? Umekasirika? Baruti ililipuka vibaya?

Niandikie hata neno moja.

Binti yako


Machimboni, 12 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo kidogo. Samahani kwa kimya. Nilikuwa siwezi.

Jicho la Kidoti nimelisoma kwenye barua yako. Nikasema nataka kujua ngumi ile ilivyomfika. Nijifunge mimi mwenyewe? Hapana, hiyo naijua kila siku. Nikamwendea Baruti, nikamwambia jifunge kama sisi, vaa soksi juu yake kama glavu, nipige usoni. Akakataa. Nikasema tafadhali. Akasema nina wazimu wa jua. Nikamtukania mama yake, mbele ya watu, na mama yake ni marehemu.

Akanipiga.

Meno manne. Shavu limeingia ndani. Siku mbili nilikuwa naona watu wawili wawili, wiki tatu nakunywa kwa mrija. Baruti analia kila akiniona, namwambia anyamaze.

Na alinipiga moja. Mimi mwanaume, nimekauka. Yeye msichana, umempiga ngapi, umeandika mwenyewe.

Mama, kwetu huku mkono unapiga jiwe. Jiwe halina jicho. Ndiyo kosa langu lote, sina lingine.

Sasa fanya hivi. Usiseme wewe. Alhamisi tarehe 26 nakuja na Breki. Naingia kwa mkuu wa shule, nasema nilikuja shuleni siku ile, nilikufunga mikono mimi mwenyewe, wewe hukujua kuna nini. Utakuwa umenyamaza tu. Wakitaka kufunga mtu wanifunge mimi. Mimi nishafungwa huku miaka ishirini na mbili, hakuna tofauti kubwa.

Wewe ubaki shule. Nionyeshe tu chumba cha mkuu kiko wapi.

Baba yako


Shuleni, 12 Juni

Shikamoo baba, na pole sana,

Naandika juu ya goti, Breki yuko getini, lori linanguruma, anapiga honi. Nimeisoma yako nimesimama.

Usije na uongo. Nimeshasema.

Jumapili nilikwenda hospitali na vitambaa kwenye mfuko. Nikamwekea Kidoti mkononi. Alikipapasa kile kigumu muda mrefu, akapitisha kidole pale vifundo vyangu vilipokaa, kimoja kimoja. Akauliza, "Ulijua?"

Nikamwambia, na wewe nakuambia, kwa sababu wewe unadhani kosa ni lako.

Nilipofunga sikujua. Nilidhani nalinda mkono, kama wewe. Lakini ile ngumi ya kwanza ya begani, baba, nilisikia mlio. Nilikuwa hatua kumi siku ya mama. Ule mlio wa jiwe na mfupa naujua. Hakuna mwingine duniani kama huo. Nikajua hapohapo, raundi ya kwanza. Mwalimu wa hesabu alikuwa hatua mbili, ningenyoosha mkono tu. Nikafikiria godoro. Nikaendelea raundi mbili. Tena nikachagua pa kupiga.

 Kidoti akageukia ukutani, upande wa jicho zima, asinione. Vitambaa kabaki navyo.

Nikaenda kwa mkuu nikasema yote. Faili limetoka kabatini. Baba yake Kidoti amekuja, ni mchinjaji hapa mjini, katoka moja kwa moja kazini, aproni ina damu. Aliniangalia mikono, siyo uso. Akasema, "Nataka kumwona aliyekufundisha." Kikao ni hiyohiyo tarehe 26, saa nne asubuhi. Baadaye polisi.

Baba usije. Huyu mtu hatanii.

Breki anapiga honi tena

Binti yako


Machimboni, 20 Juni

Mwanangu,

Barua hii nimempa dereva mwingine, Breki siku yake ni mbali.

Nimesoma. Nimekaa nayo siku nane.

Nakuja. Saa nne nitakuwepo. Sitasema nilikuja siku ile. Nitasema nilichoandika tarehe 3 Aprili, neno kwa neno, nakikumbuka. Wewe sema lako. Kila mtu abebe jiwe lake, tukae benchi moja.

Mchinjaji namjibu mimi. Kasema anataka kumwona aliyekufundisha, ataniona. Akinipiga, nitasimama. Nishapigwa na Baruti, najua inavyokuja. Wewe usiinuke. Umenisikia? Hata nikianguka, usiinuke.

Wakikufukuza, hurudi kwenye mawe. Sijui utakwenda wapi, lakini siyo huku. Nimeshawaambia wote hapa machimboni.

Kuhusu mlio. Na mimi nilikuwepo siku ya mama yako, karibu kuliko wewe. Hatukuwahi kuuzungumzia. Tutazungumza njiani tukitoka kikaoni.

Mkono wako wa kulia unaendeleaje? Tangu Machi hujaniambia.

Baba yako